Unasimama kutwa kazini? Itunze miguu kabla jioni haijafika

Ukiingia katika duka lolote kubwa mjini Meru mwendo wa saa moja jioni, hebu mtazame kidogo keshia anayekuhudumia. Mikono yake inapitisha bidhaa na kuhesabu chenji, na uso wake unatabasamu kama alivyofundishwa. Lakini chini ya kaunta kuna shughuli nyingine ambayo wewe mteja huioni. Anauchomoa mguu mmoja kutoka kwenye kiatu, anaupumzisha juu ya mwenzake, anaurudisha, kisha anauchomoa wa pili. Amesimama hapo tangu asubuhi.

Hayuko peke yake. Kuna askari wa lango la benki, kinyozi wa Makutano, mama mboga wa soko la Gakoromone, mhudumu wa hoteli, muuguzi wa zamu na mwalimu aliye mbele ya darasa. Kuna mfanyakazi wa kiwanda cha majani chai, kuanzia Igembe hadi Rukuriri kule Embu, ambaye zamu yake yote humalizikia kando ya mashine. Ukiwauliza, wote hawa watakuambia kuwa wanafanya kazi ya mikono. Ukweli ni kwamba mzigo mkubwa unabebwa na miguu.

Kanuni za jumla za mishahara nchini Kenya zinasema kuwa wiki ya kawaida ya kazi isizidi saa 52, zikigawanywa katika siku sita. Piga hesabu mwenyewe. Hizo ni karibu saa tisa kila siku, na hapo hatujahesabu mwendo wa kwenda stejini na kurudi, wala jioni ya kusimama jikoni kwa wale ambao kazi ya pili inawangoja nyumbani.

Wengi wetu tumezoea kuyachukulia maumivu haya kama sehemu ya mshahara. Mtu hufika nyumbani, akavua viatu mlangoni, akatia miguu katika beseni la maji moto yenye chumvi, akalala. Kesho yake hali ni ile ile. Beseni halina ubaya, na tutalirudia, ila linakuja wakati mguu umekwisha kuumia. Sehemu kubwa ya nafuu, msomaji, inapatikana pale pale kazini, mchana, kabla mguu haujaanza kulalamika.

Kusimama si kutembea

Pengine umewahi kujiuliza: inakuwaje mtu anatembea kutoka shambani hadi sokoni na kurudi, akipanda na kuteremka miinuko ya huku kwetu, na jioni miguu yake isimsumbue kama ile ya askari ambaye hakusogea hatua kumi kutoka mlangoni kutwa nzima?

Jibu liko katika jinsi mguu ulivyoumbwa. Wayo mmoja una mifupa 26 na maungio 33, na umefungwa pamoja na misuli na kano zaidi ya 100. Chombo chenye viungo vingi hivyo kimetengenezwa kwa ajili ya mwendo. Unapotembea, uzito wa mwili hutua kisiginoni, ukapita ubavuni mwa wayo, ukamalizikia kwenye vidole. Kila sehemu hubeba kidogo ikapumzika. Unaposimama tuli, sehemu zile zile ndizo zinazobeba mzigo ule ule saa nzima, na misuli ya mguu inabaki imekaza ili usianguke. Msuli uliokaza bila kulegea hujibana wenyewe na kujinyima damu, ndiyo maana unawaka moto.

Kisha kuna suala la damu yenyewe. Kuteremka kutoka moyoni hadi miguuni si kazi. Kazi ni kupanda. Damu inayorudi juu inasukumwa na misuli ya shavu la mguu, ile minofu ya nyuma chini ya goti. Kila unapopiga hatua, minofu hiyo huikamua mishipa na kuisukuma damu juu, na ndani ya mishipa kuna vali ndogo, mfano wa milango, zinazofunga ili damu isirudi chini. Madaktari huiita misuli hii moyo wa pili. Mtu anaposimama kimya, moyo huu wa pili nao umesimama. Ni kama kutaka maji ya mto Kathita yapande mlimani bila pampu.

Vipimo vinaonyesha jambo hilo wazi. Shinikizo la damu katika mishipa ya kifundo cha mguu wa mtu mzima aliyesimama tuli hufikia milimita 90 hivi za zebaki. Akianza kutembea, kwa hatua chache tu shinikizo hilo huteremka hadi kiasi cha 30. Ndiyo sababu kiatu kilichokuingia vizuri saa mbili asubuhi kinakubana ifikapo saa kumi: maji ya damu yamevuja na kutuama katika nyama ya mguu.

Hali hiyo ikirudiwa miaka nenda miaka rudi, vali zile hulegea na mishipa huvimba na kujipinda chini ya ngozi kama kamba za buluu. Wala madhara hayaishii miguuni. Watafiti wa mkoa wa Ontario, nchini Kanada, waliwafuatilia wafanyakazi zaidi ya 7,000 kwa muda wa miaka 12. Katika matokeo waliyoyatangaza mwaka 2017, wale ambao kazi zao ni za kusimama zaidi walionekana kuwa katika hatari ya kuugua moyo karibu maradufu ya wale wanaofanya kazi za kuketi. Kwa hiyo anayekuambia kwamba umelegea au unadeka, mwambie akasimame mahali pako wiki moja. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Ufanye nini ukiwa kazini

Jambo la kwanza ni kuuamsha ule moyo wa pili. Kila baada ya dakika ishirini au thelathini, inua visigino vyote viwili ukasimama kwa vidole, shusha polepole, rudia mara kumi na tano au ishirini. Hakuna atakayekuona nyuma ya kaunta. Keshia anaweza kufanya hivyo kila mteja anapotafuta ujumbe wa M-Pesa kwenye simu yake, maana dakika hiyo hupotea bure hata hivyo. Kinyozi afanye akingoja mteja ajitazame kiooni. Askari naye hakuna sheria inayomkataza kutembea hatua ishirini huku na ishirini kule. Mlinzi anayetembea huona mengi kuliko anayesimama kama nguzo.

Ukishindwa kuinua visigino, kunja na kunjua vidole ndani ya kiatu, au hamisha uzito kutoka mguu huu hadi ule. Ni kidogo, lakini si sawa na kutofanya lolote.

Jambo la pili ni kupata mahali pa kuegesha mguu mmoja. Tafuta kipande cha mbao au tofali lenye kimo cha inchi nne hadi sita, uliweke chini ya meza, ukanyage kwa mguu mmoja kwa dakika chache, kisha ubadilishe. Mgongo utakushukuru pamoja na nyayo. Wenye baa za kizamani waliijua siri hii. Kile chuma kilichopita chini ya kaunta hakikuwa pambo: mteja mwenye mguu mmoja juu ya chuma huweza kusimama muda mrefu, na anayesimama muda mrefu hunywa zaidi. Ajabu ni kwamba mnywaji aliwekewa chuma na mhudumu wa upande wa pili hakuwekewa kitu.

Angalia pia unasimama juu ya nini. Sakafu ya saruji na vigae haibonyei hata kidogo, kwa hiyo pigo lote linarudi kisiginoni, na mwezi wa Julai baridi yake hupenya soli. Kipande cha zulia nene au mpira wa kukanyagia husaidia sana. Akina mama wa sokoni hukunjua maboksi na magunia wakasimama juu yake, na wanafanya jambo la busara, mradi boksi libadilishwe likishalowa na kuteleza. Kuteguka kifundo ni balaa kuliko maumivu unayoyakimbia.

Jambo la tatu linahitaji maneno zaidi kidogo, nalo ni kiti.

Katika maduka mengi ya miji yetu, kiti cha mfanyakazi kinachukuliwa kama dalili ya uvivu. Mwenye duka akimkuta muuzaji ameketi, hata kama hakuna mteja hata mmoja, hukasirika. Baadhi huondoa viti kabisa. Huenda hawajui kwamba Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inazungumzia jambo hili waziwazi. Inasema kwamba mahali popote ambapo wafanyakazi wanapata nafasi ya kuketi bila kuharibu kazi yao, lazima wawekewe viti vya kufaa na vya kutosha ili waitumie nafasi hiyo. Sheria hiyo haihusu viwanda peke yake kama ile ya zamani ilivyoeleweka na wengi. Duka, hoteli, benki na ofisi zote zimo.

Hatusemi uende kesho ukapige meza kwa tajiri wako. Kazi ni adimu na sote tunalijua hilo. Lakini wafanyakazi wanne wakizungumza kwa pamoja na kwa adabu husikizwa kuliko mmoja anayenung'unika. Mwelezeni kwamba hamtaki kuketi kutwa, maana hilo nalo lina maradhi yake. Mnaomba stuli moja ndefu ya mbao, ambayo mtu anaweza kuegemea nusu ameketi nusu amesimama, mpokezane wakati wateja wamepungua. Fundi seremala yeyote ataitengeneza. Mfanyakazi asiyewaza miguu yake hahesabu chenji vibaya. Mwajiri akikataa katakata, Idara ya Usalama na Afya Kazini, iliyo chini ya wizara inayoshughulikia kazi, ndiyo yenye mamlaka ya kukagua mahali pa kazi.

Kiatu cha mtu mwingine

Twende kwenye viatu, kwani hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Wengi wetu huvaa mitumba, na hakuna aibu ndani yake. Kiatu kizuri cha mtumba hushinda kipya cha plastiki. Shida ni kwamba kiatu kilichovaliwa kimekwisha kuchukua umbo la mguu wa mwenyewe wa kwanza. Kigeuze utazame soli. Ikiwa imelika upande mmoja zaidi, kiache pale pale hata kama muuzaji atapunguza bei mara tatu. Utakuwa ukitembea kwa mwendo wa mtu usiyemjua.

Kisha kikunje. Kiatu cha kusimamia kinapaswa kukunjika mahali vidole vinapoanzia. Kikikunjika katikati kama chapati, hakina nguvu ya kukubeba. Bonyeza sehemu ya nyuma inayoshika kisigino. Iwe ngumu kiasi, isiporomoke kwa kidole. Mbele, pawe na nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono kati ya kidole chako kirefu zaidi na ncha ya kiatu, na upimie ukiwa umesimama. Pimia miguu yote miwili, maana kwa watu wengi mmoja ni mkubwa kidogo, na ununue kwa kipimo cha ule mkubwa. Zaidi ya yote, usinunue viatu vya kazi asubuhi. Nenda jioni wakati mguu umevimba, kwa kuwa huo ndio mguu utakaoutumia saa nyingi.

Kuhusu kisigino, wanawake wengi huelezwa kwamba kiatu kirefu ndicho kibaya, wakakimbilia kile bapa kabisa. Vyote viwili vina lawama. Kirefu kinautupa uzito wote kwenye mizizi ya vidole. Bapa chenye soli nyembamba kama karatasi kinauvuta ukano wa kisigino na kukuacha ukikanyaga saruji moja kwa moja. Kisigino kipana cha kimo cha inchi moja hivi kinawafaa watu wengi. Hoteli au ofisi inayomlazimisha binti kusimama saa tisa juu ya kisigino cha inchi tatu inamuumiza, na haifai kulizungushia neno hilo.

Slipa za mpira hazishiki mguu, kwa hiyo vidole hukaza siku nzima ili zisichomoke. Akala hudumu kuliko mwenye kuivaa, lakini haina ulaini wowote chini ya kisigino. Gambuti zinazovaliwa na wachuma chai na wauza nyama huzuia maji na tope, ila ndani yake mguu unaogelea na kutokwa jasho. Buti za askari nazo ni ngumu kama mti. Kwa viatu vya aina hii, weka soli laini ya ndani na uvae soksi nzito za pamba. Soli hizo huuzwa madukani na katika baadhi ya maduka ya dawa. Huna haja ya zile za bei kubwa zinazotengenezwa kwa kipimo cha mtu mmoja mmoja: kwa maumivu ya kawaida ya kisigino, utafiti umeonyesha mara kadhaa kwamba za kununuliwa tayari hufanya kazi karibu sawa.

Ukiweza, uwe na jozi mbili uvae kwa zamu, siku hii moja na siku hii nyingine, ili kila moja ipate kukauka. Na ufunge kamba vizuri. Watu wengi huvaa viatu vya kamba kama slipa, kisha wanashangaa kisigino kinavyochubuka.

Ile hatua ya kwanza asubuhi

Kuna maumivu ya aina moja ambayo tunapaswa kuyataja peke yake, kwa sababu yanawapata watu wengi wanaosimama na huwatisha sana. Mtu analala salama. Asubuhi anapoteremka kitandani, ile hatua ya kwanza inamchoma kisiginoni kama aliyekanyaga msumari. Akitembea kidogo yanapungua, kisha jioni yanarudi.

Chini ya wayo kuna ukano mpana na mgumu unaotoka kisiginoni hadi kwenye mizizi ya vidole, ndio unaolishika tao la wayo kama uzi wa upinde. Ukivutwa siku baada ya siku bila kupumzika, huchakaa na kuchanika vichane vidogo pale unaposhikana na mfupa wa kisigino. Usiku, mguu ukiwa umelegea, ukano hujikunyata. Hatua ya kwanza ya asubuhi inaunyoosha ghafla, ndipo unapopiga kelele. Uzito wa mwili unaongeza shida, na utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba zaidi ya robo ya watu wazima nchini Kenya wana uzito uliozidi, wanawake wakiwa wengi zaidi.

Dawa yake ni mazoezi na subira. Kabla hujakanyaga chini asubuhi, keti ukingoni mwa kitanda, weka mguu unaouma juu ya goti la pili, shika vidole vyake uvivute kuelekea kwenye muundi hadi uhisi wayo umenyooka. Hesabu hadi kumi, achia. Fanya hivyo mara kumi, na urudie mara tatu kwa siku. Zoezi hili dogo lilipimwa nchini Marekani na daktari Benedict DiGiovanni na wenzake kwa wagonjwa 101 waliokuwa wameteseka kwa miezi mingi, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kuwa liliwapa nafuu kubwa kuliko zoezi la kunyoosha ukano wa nyuma ya kisigino peke yake. Hilo la pili nalo ni jema kuliongeza: simama ukitazama ukuta, mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, kisigino cha nyuma kikigusa sakafu, uegemee ukuta kwa nusu dakika.

Jioni, jaza maji katika chupa ya plastiki ya soda, uigandishe, kisha uiviringishe chini ya wayo kwa dakika kumi ukiwa umevaa soksi. Huna friji? Chupa ya kawaida bila barafu itakanda wayo vilevile. Nyumbani usitembee peku juu ya saruji. Usikate tamaa baada ya wiki mbili, kwani maumivu haya huchukua miezi, na walio wengi hupona ndani ya mwaka mmoja bila kisu. Ukipigwa picha ya eksirei ukaambiwa una mwiba wa mfupa kisiginoni, usiogope. Watu wengi wana mwiba huo na hawajawahi kuumwa siku moja.

Jioni, na suala la vidonge

Sasa turudi kwenye beseni. Maji ya uvuguvugu hulegeza misuli na yanaburudisha, hilo halina ubishi. Chumvi haina kazi kubwa kama inavyosifiwa. Kinachosaidia zaidi kuondoa uvimbe ni kulala chali ukiinua miguu juu ya mto au ukutani, iwe juu ya usawa wa moyo, kwa dakika kumi na tano au ishirini. Kukandwa nyayo kwa mafuta pia ni tiba, na ni haki ya kila aliyesimama kutwa kumwomba mwenzake wa nyumbani.

Ila mwenye kisukari asiingize miguu kwenye maji moto bila kuyapima kwanza kwa kiwiko, au apimiwe na mtu mwingine. Ugonjwa huo hufisha hisia za nyayo, na mtu anaweza kuungua asijue hadi aone malengelenge.

Zipo pia soksi ndefu za kubana, ambazo hukaza zaidi kwenye kifundo na kulegea zikipanda. Zinasaidia sana wanaovimba miguu na wenye mishipa iliyojipinda. Vaa asubuhi kabla ya uvimbe kuanza, na uvue unapolala. Mwenye kisukari au ambaye miguu yake huwa ya baridi na yenye ganzi asizivae kabla ya kumwona daktari.

Tumefika kwa vidonge, na hapa tutasema bila kupaka mafuta. Imekuwa desturi ya wafanyakazi wengi kupitia duka la dawa asubuhi na kununua tembe mbili tatu za diklofenaki au aibuprofeni, wakameza na chai, na siku ikapita. Kesho tena. Dawa hizi ni nzuri kwa siku chache zikitumiwa kwa maelezo. Zikimezwa kila siku kwa miezi, hasa bila chakula, hutoboa vidonda tumboni, huharibu figo na kupandisha shinikizo la damu. Wapo watu ambao dalili yao ya kwanza ilikuwa kutapika damu. Tena kidonge hakijaondoa chanzo: kimenyamazisha tu mguu uliokuwa ukikuomba usogee. Iwapo unahitaji vidonge zaidi ya wiki moja ili uweze kusimama, huo ni wakati wa kumwona daktari.

Na kwa kuwa tuko Meru, acha tutaje miraa. Askari wengi wa usiku hutafuna ili wasilale, na wataapa kwamba inawaondolea uchovu wa miguu. Inawaondolea kuusikia. Miraa huharakisha moyo, hupandisha shinikizo la damu na kubana mishipa, kwa hiyo miguu iliyokuwa ikihitaji damu inaipata kwa shida zaidi. Anayetafuna asimame na kuketi kwa saa, asingoje mwili umwambie.

Usingoje haya

Maumivu mengi tuliyoyaeleza hutulia kwa hatua hizi. Mengine si ya kusimama hata kidogo. Mguu mmoja ukivimba ghafla, ukawa moto na shavu lake likauma ukilibonyeza, huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Nenda hospitalini siku hiyo hiyo, na ikiwa pumzi nayo inakatika, nenda saa hiyo hiyo. Mama mjamzito anayevimba uso na mikono pamoja na miguu, huku kichwa kikimuuma au macho yakiona ukungu, asiambiwe ni uchovu wa kazi. Apimwe shinikizo la damu bila kuchelewa. Kidonda chochote cha mguu kwa mwenye kisukari, hata kidogo kama punje ya mahindi, ni cha kutibiwa leo. Kadhalika ganzi isiyoisha, kidole gumba kilichovimba na kuwa chekundu usiku mmoja, au uvimbe wa miguu yote miwili usiopungua hata baada ya kulala.

Kwa maumivu yaliyokaa wiki kadhaa bila kupungua, hospitali kubwa kama ile ya rufaa ya Meru na ya Embu zina idara za tiba ya viungo, na mara nyingi mtaalamu wa huko atakusaidia kuliko sindano. Mweleze unasimama saa ngapi, juu ya sakafu gani, na maumivu huanza wakati gani wa siku. Nenda na viatu vile unavyovaa kazini, hata kama vimechakaa na vinakutia haya. Atavigeuza na kutazama soli zake kabla ya kuutazama mguu wako.